Texas: Ziara ya kiwanda cha ramu na makaburi ya Sugar Land

Katika jimbo la Texas nchini Marekani, kutembelea viwanda vya pombe kali kumekuwa burudani ya mwisho wa juma kwa wakaazi wengi wa Houston, Dallas na Fort Worth. Mgeni huonyeshwa matangi, mitambo ya shaba na mapipa, na mwisho huonjeshwa. Lakini kwa upande wa ramu, kinywaji kitokanacho na miwa, sehemu iliyo nzito zaidi ya historia yake iko nje ya lango la kiwanda.

Ziara zenyewe hazitofautiani sana. Kikundi cha wageni hukusanyika mlangoni, wale watakaoonja huonyesha vitambulisho kuthibitisha kwamba wametimiza miaka 21, umri wa chini wa kunywa pombe unaoruhusiwa kisheria Marekani, kisha mwongozaji huwatangulia ndani. Kitu cha kwanza kumlaki mgeni ni harufu. Kwa msikilizaji aliyekulia jirani na viwanda vya sukari vya Kilombero, Mumias au Kakira, harufu hiyo si ngeni hata kidogo: ni molasi.

Wapo wasikilizaji wengi ambao dini au hiari yao haiwaruhusu kuonja kinachomiminwa mwishoni mwa ziara. Hilo haliwazuii kupata faida ya safari hiyo. Sehemu ya kuonja ni ya dakika chache tu, na pengine ndiyo yenye mafunzo machache zaidi.

Kutoka molasi hadi mvuke

Molasi ni ule uji mweusi, mzito na wenye uchungu kiasi, unaobaki baada ya juisi ya miwa kuchemshwa na chembe za sukari kutolewa. Kwa karne nyingi wenye mashamba waliuona kuwa ni taka, wakaulisha mifugo au kuumwaga. Ni katika karne ya 17, kwenye visiwa vya Caribbean kama Barbados, ambako taka hiyo iligeuzwa kuwa bidhaa. Hadi leo sheria ya Marekani inasema kwamba kinywaji hakiwezi kuitwa ramu isipokuwa kimetokana na juisi ya miwa, molasi au mabaki mengine ya miwa, kimekenekwa kwa ukali ulio chini ya asilimia 95, na kimetiwa chupani kikiwa na kilevi kisichopungua asilimia 40. Kwa kipimo hicho, Konyagi ya Tanzania na Kenya Cane ya Kenya, ambazo nazo asili yake ni muwa, ni ndugu wa karibu wa ramu, ingawa hazitumii jina hilo.

Molasi ikiwa nzito kama ilivyo, hamira haiwezi kuishi ndani yake. Sukari ikizidi, huua. Kwa hiyo huchanganywa na maji katika tangi kubwa, hamira ikatiwa, na mchanganyiko ukaachwa uchache kwa siku moja, mbili au zaidi. Hamira hula sukari na kutoa kilevi pamoja na gesi ya kaboni. Mgeni akichungulia ndani ya tangi huona povu la rangi ya kahawia likifurukuta kana kwamba kuna moto chini, ilhali moto haupo.

Wazalishaji wa Texas hujivunia hamira zao. Kiwanda cha Firestone & Robertson cha Fort Worth, ambacho hutengeneza whiski na wala si ramu, huwasimulia wageni wake kwamba hamira kinayotumia ilinaswa kutoka kwenye kokwa ya pekani, mti wa asili wa jimbo hilo. Kiwanda hicho kimejengwa mahali palipokuwa uwanja wa gofu wa Glen Garden, ambako Ben Hogan na Byron Nelson, waliokuja kuwa mabingwa wa mchezo huo, walianza maisha wakiwa wavulana wa kubeba mikoba ya wachezaji. Simulizi za namna hii ni nusu ya ziara. Watu hulipia tiketi ili wasikie hadithi kama vile wanavyolipia kuonja.

Baada ya kuchacha, kimiminika huwa na kilevi cha kadiri ya pombe ya kienyeji iliyoiva vizuri, si zaidi. Ndipo huingizwa katika mtambo wa kukenekea, chombo cha shaba chenye tumbo pana na shingo ndefu. Kukeneka ni kuchemsha kitu hadi kigeuke mvuke, kisha kuupoza mvuke huo urudi kuwa kimiminika. Kilevi huchemka kwenye nyuzijoto 78 hivi za Selsiasi, ilhali maji huchemka kwenye nyuzi 100. Moto ukidhibitiwa, kilevi hupanda kwanza na maji hubaki nyuma. Yeyote aliyewahi kuona pipa la gongo au chang'aa likichemka kando ya mto, na bomba lake likipita katika maji baridi, ameshaiona kanuni hiyo hiyo. Tofauti iko katika vipimo, usafi na kibali cha serikali.

Hapo ndipo waongozaji wengi husimama kueleza jambo ambalo wageni hulisikiliza kwa makini kuliko mengine. Kinachotoka kwenye bomba hugawanywa sehemu tatu. Cha mwanzo huitwa kichwa. Kina harufu kali kama ya rangi ya kucha, na hutengwa. Kinachofuata huitwa moyo, na hicho ndicho ramu. Cha mwisho, mkia, ni kizito na chenye mafuta mafuta, nacho hutengwa au kurudishwa mtamboni. Kujua wakati wa kukata kichwa na wakati wa kukata mkia ndiyo kazi hasa ya bingwa wa kukeneka, na hadi sasa wengi huifanya kwa pua na ulimi pamoja na vipimo.

Swali la sumu huulizwa karibu kila mara. Ni kweli kwamba methanoli, kilevi kinachopofusha na kuua, huweza kuwamo katika kinywaji kilichokenekwa. Hata hivyo, molasi ikichacha hutoa methanoli kidogo sana. Maafa makubwa ambayo Afrika Mashariki imeyashuhudia, yakiwemo vifo vya mwaka 2014 katika kaunti kadhaa za Kenya, kwa kawaida husababishwa na methanoli ya viwandani ambayo wauzaji huongeza kwa makusudi ili kinywaji kiwe kikali kwa gharama ndogo. Kosa huwa la aliyemwaga kemikali ndani ya dumu, si la muwa.

Sheria na pombe ya nyumbani

Inashangaza kidogo kwamba jimbo kubwa kama Texas halikuwa na kiwanda halali cha pombe kali hadi mwaka 1997, pale kiwanda cha vodka cha Tito's kilipopata leseni mjini Austin. Marekani ilipiga marufuku pombe nchini kote kuanzia mwaka 1920 hadi 1933, na baada ya hapo kila jimbo likaachiwa kujiwekea masharti. Texas ilijiwekea mengi. Maduka ya pombe kali hufungwa siku ya Jumapili. Hadi mwaka 2013 kiwanda kiliweza kumwonyesha mgeni mapipa yake yote, lakini hakikuruhusiwa kumuuzia hata chupa moja ya kwenda nayo nyumbani. Sheria ilipobadilishwa mwaka huo, kila mgeni aliruhusiwa kununua chupa mbili katika muda wa siku 30. Badiliko hilo dogo ndilo lililofanya ziara ziwe na maana kibiashara, na viwanda vidogo vikachipuka.

Kukeneka nyumbani ni suala jingine. Mtu anaweza kutengeneza bia au mvinyo wa familia yake bila kuulizwa, lakini sheria ya serikali kuu, ambayo mizizi yake iko katika kodi za karne ya 19, inamkataza kuwa na mtambo wa kukenekea pombe ndani ya nyumba yake. Mwezi Julai mwaka 2024, Jaji Mark Pittman wa mahakama ya shirikisho mjini Fort Worth aliamua kwamba katazo hilo linavuka mamlaka ambayo katiba imelipa bunge la nchi. Walioshtaki walikuwa chama cha watu wanaopenda kukeneka kama jambo la kujifurahisha, na nafuu waliyopewa iliwahusu wanachama wa chama hicho tu. Serikali ilikata rufaa.

Mjadala huo hauko mbali na wa nyumbani. Uganda ilipitisha sheria ya enguli mwaka 1965, ikitaka wakenekaji wa vijijini wauze pombe yao kwa kiwanda chenye leseni, na humo ndimo ilimozaliwa Uganda Waragi. Kenya iliihalalisha chang'aa mwaka 2010 kwa masharti ya leseni na chupa za kioo. Tanzania imeendelea kuihesabu gongo isiyo na kibali kuwa haramu. Katika nchi zote tatu, kama huko Texas, kodi imekuwa na uzito mkubwa sambamba na afya, ingawa wanasiasa hupendelea kuzungumzia afya.

Mapipa na joto

Ramu inapotoka mtamboni haina rangi. Rangi ya dhahabu au ya kahawia huja kutokana na pipa la mwaloni, au, katika bidhaa nyingine za bei nafuu, kutokana na sukari iliyounguzwa. Sheria ya Marekani inataka whiski ya bourbon ihifadhiwe katika vyombo vipya vya mwaloni vilivyounguzwa ndani. Kwa kuwa pipa haliwezi kutumika tena kwa bourbon, mapipa yaliyokwisha kazi huuzwa kote duniani, na mengi huishia kwenye ramu.

Joto la Texas hufanya kazi haraka. Kiangazi hupita nyuzi 38, mbao hutanuka na kunywa kinywaji, usiku au majira ya baridi husinyaa na kukitema. Ramu hupata rangi na ladha mapema, lakini gharama yake ni kwamba sehemu kubwa hupotea hewani. Huko Uskochi hukadiriwa kuwa kiasi cha asilimia 2 hupotea kila mwaka, nao wakenekaji hukiita fungu la malaika. Katika nchi za joto upotevu huwa mkubwa mara kadhaa. Kwa hiyo kumsifia mtu ramu kwa umri wake peke yake si hoja yenye nguvu; miaka mitatu ya ghala la Texas si miaka mitatu ya Uskochi.

Kutoka ghuba hadi mto Brazos

Kwa mtaka ramu, upande wa Houston una historia ndefu kuliko Dallas na Fort Worth, ambako whiski hutawala. Kusini mashariki mwa Houston, kwenye ukingo wa Ghuba ya Galveston, kuna San Leon, makaazi ya wavuvi wa chaza ambayo wenyeji wake hujitania kuwa ni kijiji kidogo cha wanywaji chenye tatizo kubwa la uvuvi. Hapo ndipo Kelly Railean alipoanzisha kiwanda kilichobeba jina lake, kimojawapo cha viwanda vya kwanza vya ramu katika Texas ya sasa.

Ukiwa San Leon, kisiwa cha Galveston kiko kusini, ng'ambo ya maji. Tarehe 19 Juni mwaka 1865, Jenerali Gordon Granger wa jeshi la kaskazini alitangaza huko kwamba watumwa wote wa Texas walikuwa huru. Siku hiyo, maarufu kwa jina la Juneteenth, ilifanywa sikukuu ya taifa mwaka 2021. Kwa wenye mashamba ya miwa, tangazo hilo lilikuwa na maana ya moja kwa moja: waliokuwa wakikata miwa bila ujira hawakulazimika tena kufanya hivyo.

Mashamba hayo yalikuwa ng'ambo ya pili ya Houston, kusini magharibi, katika bonde la mto Brazos. Eneo hilo liliitwa bakuli la sukari la Texas. Kukata miwa ni miongoni mwa kazi ngumu kuliko zote za shamba: majani hukata ngozi, ardhi huwa tope, na muwa ukishakatwa lazima ufike kinuni haraka kabla utamu haujaharibika. Hapakuwa na wafanyakazi huru wa kutosha waliokuwa tayari kuifanya kwa malipo waliyopewa.

Mwanya ulipatikana ndani ya katiba yenyewe. Marekebisho ya 13, yaliyothibitishwa Desemba mwaka 1865, yalifuta utumwa na kazi ya kulazimishwa, isipokuwa kama adhabu kwa mtu aliyepatikana na hatia. Majimbo ya kusini yakatunga sheria ambazo kwazo mtu mweusi aliweza kufungwa kwa uzururaji au wizi mdogo, kisha yakawakodisha wafungwa hao kwa watu binafsi. Mwaka 1878, Edward Cunningham na Littleberry Ellis, wote wawili wapiganaji wa zamani wa upande wa kusini, waliingia mkataba wa kuwakodi wafungwa wote wa jimbo la Texas. Walilipa takriban dola 3 kwa mwezi kwa kila mfungwa. Mwenye mtumwa, kwa ukatili wake wote, alikuwa na mtaji wa kuulinda; aliyekodi mfungwa hakuwa na hasara mfungwa akifa, kwani mwingine angeletwa.

Mashamba ya watu hao wawili ndiyo yaliyokuja kuwa kiini cha mji wa Sugar Land na kampuni ya Imperial Sugar. Mfumo wa kukodisha wafungwa ulikomeshwa Texas mwanzoni mwa miaka ya 1910, lakini jimbo lilikuwa limekwisha kununua shamba hapo mwaka 1908 na kulifanya gereza, ambalo lilifungwa mwaka 2011.

Kwa miaka mingi, Reginald Moore, aliyewahi kuwa askari magereza, alikuwa akiwaambia wakuu wa eneo hilo kwamba chini ya ardhi ile kuna makaburi ya wafungwa. Hakusikilizwa sana. Mwezi Februari mwaka 2018, mafundi waliokuwa wakichimba msingi wa chuo cha ufundi cha wilaya ya shule ya Fort Bend walikuta mfupa wa binadamu. Uchimbaji uliofuata ulifichua makaburi 95. Wote isipokuwa mmoja walikuwa wanaume. Wataalamu walikadiria kuwa mdogo wao alikuwa na umri wa miaka 14 hivi, na mifupa ilikuwa na alama za misuli iliyotumikishwa kupita kiasi. Walizikwa tena mahali hapo hapo mwezi Novemba mwaka 2019. Moore alifariki dunia mwaka 2020, akiwa amewaona wakirudishwa ardhini kwa heshima.

Ziara za ramu mara nyingi hutaja utumwa wa Caribbean, maharamia, na mgao wa ramu wa kila siku wa jeshi la wanamaji la Uingereza, uliofutwa mwaka 1970. Hayo ni ya mbali na ya zamani, na husimulika bila kumkosesha mgeni raha. Sugar Land ni mwendo wa gari tu kutoka San Leon.

Nao wasikilizaji wa pwani ya Afrika Mashariki hawako nje ya simulizi hii. Mwaka 1776, Mfaransa Jean-Vincent Morice alifanya mkataba na sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya visiwa vinavyojulikana leo kama Mauritius na Réunion. Visiwa hivyo vikaja kufunikwa na miwa, na hadi leo vinatengeneza ramu. Pangani nako, katika karne ya 19, watumwa walilima miwa ya matajiri wa pwani. Anayekwenda kuitembelea Mauritius na kuonjeshwa ramu yake anaonjeshwa kitu ambacho asili yake ina jasho la Wamakua na Wayao.

Huko Houston, vitongoji vya kusini magharibi vimepokea wakimbizi wengi, wakiwemo Wakongo wazungumzao Kiswahili. Barabara kuu inayopita huko ndiyo hiyo hiyo iendayo Sugar Land. Kiwanda cha kusafishia sukari kilichokuwa uti wa mgongo wa mji huo kilisimamisha kazi mwaka 2003, na jengo lake refu la matofali la mwaka 1925 bado limesimama, likiwa alama ya mji.

Miwa yenyewe imekwisha. Kinu cha mwisho cha sukari katika Texas, kile cha Santa Rosa katika bonde la Rio Grande kwenye mpaka wa Mexico, kilitangaza kufungwa Februari mwaka 2024 baada ya zaidi ya miaka 50 ya kazi. Wakulima walieleza kuwa maji ya kumwagilia hayakutosha, na wakailaumu Mexico kwa kuchelewesha maji inayopaswa kuyatoa kwa mujibu wa mkataba wa mwaka 1944. Mtengeneza ramu wa Texas anayetaka molasi sasa hana budi kuiagiza kutoka Louisiana, Florida au mbali zaidi, na mgeni anayeuliza miwa ilikatwa wapi, na nani, huwa amemuuliza mwongozaji swali lisilo na jibu fupi.